Kabla ya hati ya madai, soma Fomu Na. 3

Mteja akiingia ofisini kwangu hapa Kigoma akasema, "Wakili, nataka talaka," simuulizi kwanza mume kafanya nini. Namuuliza: barazani walikupa karatasi gani? Wengi hutoa barua yenye mhuri: "Tumeshindwa kuwasuluhisha, tunawaleta mahakamani." Barua hiyo si cheti.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa. Cheti ni Fomu Na. 3, na kisiwe kimezidi miezi sita siku unapofungua shauri. Mimi hukikagua zaidi ya hapo. Mwenzi wa upande wa pili aliitwa barazani? Walikaa wangapi? Sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Niliwahi kupata talaka na mgawanyo mzuri tu wa mali, kisha rufaani mwenendo wote wa kesi ukafutwa kwa sababu ya cheti ambacho sikukisoma vizuri. Mama wa watu akarudi barazani kuanza moja. Tangu siku ile cheti kibovu nakirudisha kilikotoka, mteja anune asinune.

Kuna misamaha. Aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi halazimiki kupita barazani, na huku kwetu, ambako mtu huvuka ziwa kwenda Kongo akapotelea huko, kifungu hicho kina kazi. Ila "simu yake haipatikani" haitoshi. Leta ndugu zake, au mwenyekiti wa mtaa.

Cheti kikikaa sawa, vita huhamia kwenye mali. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa, na mawakili wengi huishia kuitaja tu. Haitoshi hata kidogo! Mahakama inataka kujua mchango wenyewe ulikuwa upi. Mali za huku nyingi hazina hati: mtumbwi, nyavu, michikichi ya urithi iliyoongezwa miche ndani ya ndoa. Kwa hiyo namtafuta jirani wa shamba aliyemwona mteja akikamua mawese, na mwanamke aliyeanika naye dagaa Kibirizi. Nawauliza mwaka gani, msimu gani, na fedha alikabidhiwa nani. Shahidi anayekumbuka bei ya debe la mawese mwaka ule namweka wa kwanza, mara tu baada ya mteja mwenyewe.