Nyumba ya familia ikiwekwa rehani: "familia" ni nani?

Karatasi imebandikwa getini. Ina mhuri wa dalali, nambari ya kiwanja, jina la kaka, kifungua mimba wa nyumba hii, na siku 45 za kulipa deni kabla nyumba ya Buruburu, Nairobi, haijapigwa mnada. Mama anauliza swali moja tu: "Nyumba yetu imefikaje benki?"

Kuweka rehani ni kumpa mkopeshaji haki juu ya mali, ili usipolipa aiuze ajilipe. Siku ya kutia saini umiliki hauhami. Kinachoingia kwenye rejista ya ardhi ni deni lililoning'inizwa juu ya hati. Hapo hakuna fumbo. Fumbo limo katika maneno "nyumba ya familia", ambayo sisi huyatamka kana kwamba yana mwenyewe. Mahakamani utaulizwa hati ina jina la nani, na wewe unayelalamika unadai kama nani: mke, mrithi, au mwenye haki ya amana, yaani mali yako iliyoandikwa kwa jina la mwingine?

Mume na mke ndio wenye kinga nzito. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinasema rehani juu ya makao ya ndoa haisimami mpaka mwenzi anayeishi humo atie saini, au pawe na ushahidi kwamba aliafiki. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa hiyo iwe ya maandishi, na anayeitoa awe anaelewa anachokubali. Ndiyo maana mawakili wa benki hudai kiapo cha mwenzi, na ndiyo maana kuna wajanja wanaoapa hawajaoa ilhali mke yuko nyumbani anasonga ugali. Mke huyo ana kesi. Aliyeambiwa "weka sahihi hapa, ni mambo ya biashara", akaweka, ana mlima wa kupanda.

Ndugu, wazazi na watoto wazima hawamo katika kinga hiyo. Hati ikiwa ya kaka, benki haiwahitaji dada zake, hata kama wote walizaliwa humo.

Hati ikiwa bado ya marehemu baba, mambo ni mengine. Nyumba haigawanywi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi, na kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ni kosa la jinai. Kabla ya kugombana na benki, basi, fuatilia jina lilivyotoka kwa baba likafika kwa kaka. Likiwa lilipita kwa udanganyifu, hati yenyewe inaweza kupingwa.

Kigumu kuliko vyote ni amana: mlichanga wote, kaka akaandikishwa kwa niaba yenu kwa sababu ndiye aliyekuwa Nairobi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaitambua amana, hata ile ya kimila, ijapokuwa haikuandikwa kwenye rejista. Ila anayedai ndiye athibitishe. Ataonyesha nini? Ujumbe wa M-Pesa wa michango, kumbukumbu za kikao. Sisi huona haya kuandikiana na ndugu, na haya hiyo humgharimu asiye na jina kwenye hati.

Mwenye shaka mapema atafute taarifa za kiwanja kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, au Ardhi House, makao ya wizara ya ardhi Nairobi, na aombe zuio, yaani tahadhari kwamba anadai haki juu ya kiwanja, liwekwe kwenye rejista. Zuio likitangulia, benki italiona. Likija baada ya rehani kusajiliwa, haliifuti.

Karatasi ya getini nayo huwa si ya kwanza. Kabla yake mkopaji hupewa notisi ya miezi 3, kisha nyingine ya siku 40, na kaka huenda alizificha zote mbili. Benki ikifika mnadani, ni wajibu wake kutafuta bei nzuri: nyumba ikienda kwa pungufu ya asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, itachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Na kabla nyundo haijagonga, deni likilipwa pamoja na gharama zake, rehani hufutwa kwenye rejista.