Hoegwi: kufa na kurudi nyuma katika komiki za Kikorea za mapenzi na kasri

Hoegwi ni jina ambalo Wakorea wanalitumia kwa kisa cha mtu anayekufa, kisha akaamka katika mwili wake mwenyewe miaka kadhaa nyuma, akikumbuka kila kilichompata. Kisa hicho ndicho kinachoendesha webtuni nyingi za ropan, yaani fantasia ya mapenzi. Hizi ni komiki za Korea Kusini zinazosomwa kwenye simu kwa kuteremsha kidole, na nyingi zilianza kama riwaya za mtandaoni. Mandhari yake ni Ulaya ya kubuni: kasri, makabaila, magauni ya kuburura na mwanamfalme mrithi asiyejua kutabasamu.

Mfano maarufu ni The Abandoned Empress. Aristia analelewa tangu utotoni ili aje kuwa mke mkuu wa kaizari. Mara anatokea msichana kutoka dunia nyingine, na cheo kinakwenda kwake. Aristia anabaki mke mdogo, anadhalilishwa, mwishowe anahukumiwa kifo. Akifumbua macho ni mtoto tena, na uchumba na mwanamfalme uko palepale.

Wengi huziita hizi hadithi za mapenzi kupewa nafasi ya pili. Kwangu mimi mapenzi yanachelewa sana kufika; kinachotangulia ni siasa. Binti aliyekwisha kufa mara moja ana habari ambazo hakuna mshauri wa kaizari anazo. Anajua kabaila yupi ataasi, mlima upi una madini ambayo bado hayajagunduliwa, maradhi yataingia mjini lini na mti gani unayatibu. Basi ananunua ardhi inayochekwa na watu, anamvuta upande wake mtumishi anayedharauliwa, anavunja uchumba kabla hajaachwa yeye. Hata mwaliko wa chai una hesabu zake: nani kaitwa, nani kasahauliwa makusudi, nani kakaa karibu na mwenyeji.

Ila habari hizo huisha. Kila akizitumia, mambo yanaacha njia aliyoijua. Akimwokoa baba yake leo, vita alivyovitarajia vinakuja mapema au vinazuka kwingine, naye hana tena cha kukumbuka. Mwandishi hodari humwacha aishiwe, ndipo tujue kama ana akili ya utawala au alikuwa anakariri tu. Asiye hodari humpa ushindi baada ya ushindi mpaka mtu anachoka.

Wapo wanaoupenda ushindi huo, na biashara inawasikiliza. Mwaka 2014 KakaoPage, jukwaa la Kikorea la kusomea riwaya na komiki za mtandaoni, ilianzisha utaratibu wa kungoja upate bure: sehemu inayofuata hufunguka bila malipo muda fulani ukipita, na asiye na subira analipa. Kwa mpangilio huo msomaji lazima anaswe mapema, na kifo cha kuonewa kinanasa upesi. Wasomaji wa Korea huita kipande cha kukera goguma, kiazi kitamu kinachokwama kooni. Adui akiumbuliwa huita saida, kwa jina la soda ya kukishushia.

Hoegwi ina ndugu wawili. Bingui ni kuingia katika mwili wa mtu mwingine, mara nyingi mhusika mwovu wa riwaya uliyowahi kuisoma. Hwansaeng ni kuzaliwa upya. Mashabiki huzifupisha zote tatu kuwa hoebinghwan, lakini uchungu wake si mmoja: wa bingui anaijua njama kwa kuwa aliisoma, wa hoegwi anaijua kwa kuwa ilimuua.

Ndiyo maana yule mwanamfalme ni tatizo. Katika maisha haya mapya hajamkosea mtu. Pengine ni kijana mpole tu, na mchumba wake anamwogopa kwa dhambi ambayo bado hajaitenda. Haki iko wapi hapo? Baadhi ya waandishi humrudishia na yeye kumbukumbu ili ateseke kwa majuto, na mashabiki hugombana kama asamehewe. Wengi hulikwepa swali: wanamleta kabaila mkuu wa kaskazini, mwenye sifa ya ukatili na jeshi lake mwenyewe, na binti anamwendea na mkataba wa ndoa ya kisiasa, masharti yote yameandikwa.