Mkopo si ufadhili

Nimeisikia mara nyingi, ila safari hii ilitoka kwa baba mkubwa, kule Marangu, tulipokuwa tunamuaga binti yetu anayekwenda chuo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshazunguka, mzee kashika kipaza sauti: "Tunamshukuru Mungu, mtoto amepata ufadhili wa Bodi." Makofi, vigelegele. Mimi nikainamia kata yangu.

Kwa haraka: mkopo wa elimu ya juu ni fedha ambayo Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inamkopesha mwanafunzi. Ada inakwenda chuoni moja kwa moja. Ya chakula na malazi, ndiyo hilo bumu, anaisaini mwenyewe. Yote inarudishwa, hata ile ada ambayo hakuigusa. Ufadhili haurudishwi. Basi.

Sasa maneno yenyewe. Fadhili tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko mzizi wake umebeba maana ya kilichozidi. Mwenye fadhila anakupa katika ziada yake, na hana daftari. Ndiyo maana tunalalamikia fadhila za punda: mfadhiliwa anaweza kukurushia teke na usiwe na pa kumshtaki. Mkopaji akirusha teke, mdhamini wake anapigiwa simu. Ruzuku nayo ni ndugu wa riziki, kitu unachojaliwa. Kwa hiyo zile fedha zenye jina la Rais Samia, wanazopewa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, kuziita ufadhili ni sawa kabisa.

Kukopa ni ukoo mwingine. (Kopa la karata halimo humu, hilo ni la Wareno.) Kamusi za zamani zinaliweka kukopa jirani kabisa na kulaghai, yaani kupata mali ya mtu kwa maneno matamu. Nadhani harufu hiyo haijatoka. Mtu atakwambia dukani Kiboriloni kwamba "ameandikiwa" sukari, hasemi amekopa. Kwenye sherehe ndiyo kabisa, nani atangaze mbele ya wakwe kwamba mtoto anaanza maisha na deni? Ufadhili linapendeza zaidi mdomoni.

Wengine wakitaka kulipunguza makali husema "ameazima". Hapana jamani. Kuazima ni jembe: unarudisha jembe lile lile. Kukopa ni chumvi: ile umeshaila, unarudisha nyingine. Bumu ni chumvi, tena ya miaka mitatu au minne.

Aibu hii ya neno inakuja kumuumiza mtoto. Anaajiriwa, anakuta asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi, anakuja juu: mbona nilisomeshwa na serikali? Halafu mwaka 2021, ilipofutwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, nikasikia ndani ya Hiace ya Arusha watu wawili wanapongezana kwamba madeni yamefutwa. Iliyofutwa ni tozo. Deni lipo pale pale.

Na simsemi mtu kwa kukopa. Mimi mwenyewe nimesoma kwa mkopo huo, na wazee wetu waliosomesha kwa kahawa nao walikuwa wakikopa wakisubiri malipo ya pili ya mavuno yao. Tatizo langu ni jina tu.

Watu walipopungua nikamsogelea mzee, nikamwambia taratibu: "Shikamoo tena, baba mkubwa. Ile ya binti si ufadhili, ni mkopo. Atairudisha."

Akanitazama. "Yote?"

"Yote."

"Sasa ningesemaje mbele za watu?"

"Ungesema tu amekopeshwa, baba. Makofi wangepiga vile vile."