Kwa nini Mathayo 17:21 iko ndani ya mabano?

Wiki za maombi ya kufunga zikifika, ni vigumu kumaliza ibada hapa Tanga bila kusikia Mathayo 17:21: "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga." Waumini wengi wanaujua mstari huo kwa moyo. Sasa fungua Biblia ya Union, utazame vizuri. Mstari wote umewekwa ndani ya mabano ya mraba. Ukichukua simu ukafungua tafsiri nyingine, huenda ukakuta hesabu inatoka 20 na kwenda 22, huku mstari wa 21 umeshushwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Hapo ndipo watu wa kikundi cha Biblia huanza kuulizana: nani kapunguza Neno la Mungu?

Hakuna aliyelipunguza kwa siri. Mabano yanamwambia msomaji kwamba mstari huu umo katika nakala nyingi za kale, lakini katika baadhi ya zile kongwe zaidi haumo.

Injili kama zilivyotoka mikononi mwa waandishi wake hazipo tena. Tulicho nacho ni nakala, na mpaka Gutenberg, Mjerumani, alipoanza kuchapa kwa mashine katika miaka ya 1450, kila nakala iliandikwa kwa mkono. Hati za Agano Jipya za Kiyunani zilizoorodheshwa zinazidi 5,000, nyingine nzima, nyingine vipande tu. Mbili mashuhuri ni za karne ya 4: Vaticanus, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Vatikano, na Sinaiticus, iliyotoka katika monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai. Zote mbili ziliandikwa bila mstari wa 21. Katika Sinaiticus jambo lenyewe unaliona kwa macho. Mwandishi wa kwanza amemaliza habari ya punje ya haradali, akaingia moja kwa moja kwenye habari ya Galilaya. Kisha mkono wa mtu mwingine, baadaye, ukaongeza maneno yale. Picha za kurasa zake zipo kwenye intaneti bure, na yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama.

Maneno hayo yaliingiaje? Wataalamu wengi wanaelekeza kwenye Marko 9:29, ambako kisa ni kilekile cha kijana mwenye pepo, na Yesu anasema karibu maneno yaleyale. Mwanakwaya aliyewahi kunakili nyimbo kutoka daftari la mwenzake ataelewa upesi: ubeti ukishakaa moyoni, mkono huandika ulichozoea kuimba, hata kama daftari lililo mbele yako lina maneno mengine. Mnakili aliyeijua Marko vizuri aliweza kuijaza Mathayo bila nia yoyote mbaya. Mathayo 18:11 nayo iko ndani ya mabano, na maneno yake yanafanana sana na Luka 19:10, ambayo haina mabano wala ubishi.

Na namba iliyorukwa? Mwaka 1516 Erasmus, msomi Mholanzi, alichapa Agano Jipya la Kiyunani mjini Basel, akitegemea hati chache, tena za karne za baadaye, ambazo mstari huu ulikuwamo. Mwaka 1551 Robert Estienne, mchapaji Mfaransa, akaweka namba za mistari katika chapa yake, iliyofuata kwa sehemu kubwa njia ya Erasmus. Mstari wa 21 ukapata namba yake. Anayetafsiri leo akifuata hati kongwe hawezi kubadilisha hesabu ya dunia nzima, kwa hiyo anaacha pengo.

Wazee wengine husema Biblia za zamani zilikuwa kamili, hizi mpya ndizo zimeharibika. Mkoa huu una historia inayostahili kukumbukwa hapo. Waanglikana wa Magila, kule Muheza, walilelewa na kazi ya tafsiri iliyoanzishwa Unguja na Askofu Edward Steere. Milimani Usambara alifanya kazi Karl Roehl, Mjerumani aliyeandika sarufi ya Kishambaa mwaka 1911 na kutoa Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1937. Ndipo Union ikaja, kamili mwaka 1952, ikiunganisha jitihada za Unguja na za Mombasa. Hiyo Union, ambayo wahafidhina wengi wanaishika kuliko zote, ndiyo yenye mabano. Watafsiri wake hawakuficha kitu.

Wapo Wakristo wenye msimamo mkali na wenye elimu waliokataa kuzipa hati kongwe heshima kubwa hivyo. John William Burgon wa Uingereza aliandika kwa nguvu mwaka 1883 kwamba Mungu alilihifadhi Neno lake katika nakala nyingi zilizotumiwa na kanisa karne kwa karne, wala si katika hati mbili tatu. Hoja yake si ya kupuuzwa: nakala nyingi zina mstari huu kweli. Lakini mimi naona ahadi ya Mungu kulihifadhi Neno lake haidai kila mnakili asikosee kamwe. Nakala zikiwa elfu kadhaa, kosa la mmoja hufichuliwa na wengine, nasi twaona tofauti ilipo na ukubwa wake.

Kati ya mistari yenye mabano, Matendo 8:37 ndiyo ngumu zaidi kwangu. Filipo anamwambia towashi, "Ukiamini kwa moyo wako wote, inawezekana," naye anamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu. Sinaiticus na Vaticanus hazina maneno hayo, lakini Irenaeus, askofu wa kanisa la kale, alilinukuu ungamo hilo karne ya 2, kabla ya hati hizo mbili kuandikwa. Erasmus alilikuta pembeni mwa hati yake, akaliingiza akiamini wanakili walilisahau. Wengi leo wanaona ni ungamo la ubatizo la kanisa la kwanza, lililoingia kwenye kisa kwa sababu watu walilitamka majini. Mchungaji anayebatiza anaweza kuuliza swali lilelile bila wasiwasi, kwa kuwa Warumi 10:9 inadai ungamo la kinywa na imani ya moyo, na mstari huo hauna mabano.