Kabla hujalipa malipo ya awali ya video ya kampuni

"Video ya dakika tatu ni shilingi ngapi?" Swali hili sisi watengeneza video tunalipokea karibu kila siku, na halijibiki. Dakika tatu zinaweza kutokana na siku moja ya kurekodi ofisini Dar es Salaam, au siku tano kati ya shamba la Mbeya na ghala karibu na bandari. Anayekutajia bei kabla ya kuuliza video inamlenga nani, itaonyeshwa wapi na nani atazungumza ndani yake, amekisia tu, na pengo la makisio hayo utalijaza wewe baadaye.

Bei iliyoandikwa vizuri huonyesha siku za kurekodi, idadi ya watu na vifaa, usafiri na malazi, siku za uhariri, muziki, msimulizi, vibali, na mara ngapi unaruhusiwa kuomba mabadiliko. Tazama sana idadi ya watu. Kazi yenye mahojiano inataka angalau wanne: mwongozaji, mpiga picha, mtu wa sauti na wa taa. Wakija wawili, mpiga picha ndiye atakayesikiliza sauti pia, na mtu anayekimbizana na fokasi, yaani kuhakikisha picha haina ukungu, hasikii kiyoyozi kinachonguruma nyuma ya mkurugenzi. Uliza pia kama VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei au inakuja juu yake. Na kama mhasibu wako atakata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yenyewe, aseme kabla ya ankara, si siku ya malipo. Malipo yenyewe yagawe kwa hatua: nusu mkataba ukisainiwa, asilimia 30 kurekodi kukiisha, zinazobaki ukipokea faili la mwisho.

Skripti ndiyo inayoharibu kazi nyingi, tena mapema. Msimulizi wa Kiswahili asiyekimbizwa husoma maneno kama 110 hadi 120 kwa dakika. Ukitaka picha nazo zipate nafasi ya kuonekana bila mtu kuzungumza juu yake, dakika tatu zinabeba maneno 280 hivi, yaani chini ya ukurasa mmoja. Wateja hutuletea kurasa nne zilizotafsiriwa kutoka ripoti ya mwaka, kisha wanashangaa msimulizi anasoma kama mtangazaji wa mpira. Ukihesabu maneno ya Kiingereza utapotea, maana neno letu moja kama "wanaotutegemea" lina silabi nane. Soma skripti kwa sauti, saa mkononi, kabla hujaipitisha. Mkurugenzi naye aipitishe wakati huo, asisubiri kuiona mara ya kwanza video ikiwa imeshahaririwa.

Amua mapema video itaonekana wapi. Picha ya mlalo ya 16:9 ikikatwa kuwa wima ya 9:16 kwa ajili ya Instagram au status ya WhatsApp, hubaki chini ya theluthi moja ya upana wake. Watu wawili waliokaa pembeni mwa fremu watapotea wote, ibaki meza. Tukijua tangu mwanzo, tunawaweka watu katikati au tunaweka kamera ya pili ya wima.

Siku ya kurekodi ina saa chache kuliko unavyofikiri. Kupanga taa na sauti mahali pamoja huchukua dakika 45 hadi saa nzima, kwa hiyo sehemu tatu kwa siku zinatosha, nne kwa shida, na hapo hujahesabu foleni. Picha za nje tunazipenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni. Saa 6 mchana jua liko utosini na macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Masika, tenga siku ya akiba kwenye mkataba na uandike nani anailipia mvua ikinyesha.

Umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo maana tunarekodi fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kwa shata ya 1/50, yaani kila fremu hupokea mwanga kwa 1/50 ya sekunde. Kamera iliyoachwa kwenye fremu 30 na 1/60 huweza kuonyesha taa za ofisini zikipepesa, na kosa hilo ni gumu mno kulisafisha kwenye uhariri. Muulize mpiga picha wako anarekodi fremu ngapi kwa sekunde, na kwa nini. Jibu lake litakueleza mengi.

Wanaohojiwa wasivae mistari myembamba wala vitone vidogovidogo, kwani hutetemeka kwenye skrini. Bangili zivuliwe. Kwa aliyevaa hijabu, maiki ikikaa chini ya kitambaa itakwaruza kila anapogeuza shingo, basi ibanwe juu na waya ufichwe. Jenereta, kunguru na adhana ya msikiti wa jirani ni vigumu kuviondoa kwa programu bila kuiharibu sauti ya mtu. Tunasubiri, na kusubiri huko kuwe kwenye ratiba.

Vibali visiachwe kwa kudhani. Kwa Tanzania Bara, kurekodi kunasimamiwa na Bodi ya Filamu, na droni inahitaji ruhusa ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wagonjwa na wanafunzi wanahitaji ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto anasaini mzazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura ya mtu si jambo la kuchukulia kirahisi. Wimbo wa Bongo Fleva unaoupenda hautawekwa bila leseni ya wenyewe, hata kama ni sekunde kumi.

Rasimu ya kwanza hutarajiwa baada ya siku saba hadi kumi za kazi. Maoni yakusanywe na mtu mmoja, yaandikwe kwa dakika na sekunde: "1:12, jina limekosewa." Maoni ya watu sita kwenye kundi la WhatsApp hupingana, na kila duru ya mabadiliko inayozidi mbili kwa kawaida hulipiwa. Rangi usizihukumu kwa video iliyotumwa WhatsApp, maana hubanwa ikapoteza ubora. Nembo nayo itumwe kama faili halisi la msanifu kwa barua pepe.

Picha ghafi, yaani zote zilizorekodiwa kabla ya uhariri, si zako moja kwa moja, mpaka mkataba useme hivyo. Picha za 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa nne ni gigabaiti 360. Andikeni zitatunzwa miezi mingapi, na kama unazitaka, leta diski ya terabaiti moja. Omba pia toleo lisilo na maandishi wala msimulizi, likiwa na muziki kwenye faili lake peke yake. Mwakani mkitaka toleo la Kiingereza au kubadilisha cheo cha mtu, kazi itakuwa ya siku moja badala ya kuanza upya.