Maji ya Sabaki Hayapotei Baharini

Masika yakishika, mto Sabaki (huko juu huitwa Athi, kisha Galana) ukafurika na bahari ya hapa Malindi ikageuka nyekundu, najua swali linakuja: "Mbona mwayaacha maji yote haya yapotee baharini?" Safari hii limeulizwa barazani na mzee ninayemheshimu. Akaongeza kwamba tukijenga bwawa moja kubwa, mkulima, mtu wa mjini na mfugaji wote watatosheka. Kazi yangu ni kupanga maji, na jibu halikuenea katika dakika nilizopewa pale.

Maji yale hayapotei. Mto ndio unaojaza maji mchanga uliofukiwa chini ya ardhi huko Baricho, na visima vya Baricho ndivyo vinavyotunywesha Malindi, Kilifi, hata Mombasa. Yanayobaki hushuka na tope lake mpaka mlango wa mto, yakalisha mikoko na kamba wa ghuba ya Ungwana. Mvuvi wa Ngomeni anautumia mto huu kama mwenye shamba, ingawa hana pampu wala kibali.

Linalonikera zaidi ni hesabu ya wastani. Chukua mto wa mfano: mwezi mmoja wa mafuriko unapitisha mita za ujazo 200 kwa sekunde, na miezi 11 iliyobaki unapitisha 5. Wastani wake unazidi 21. Mtu ataiandika 21 kwenye mpango, agawe 10 kwa mashamba na 6 kwa miji, kisha atangaze kuwa ipo ziada. Ikifika Februari, mtoni mna 5. Mahindi yanabeba, mabomba mjini yamekauka, ng'ombe wameshuka kutoka nyika. Kwa hiyo mimi siutazami wastani. Natafuta kiasi ambacho mto haupungui chini yake siku 95 katika kila 100, hicho nauachia mto wenyewe, na juu ya hapo ndipo naanza kugawa. Mkutano mzima hununa ninapoitaja namba hiyo, kwa kuwa kiangazi kinachobaki cha kugawa ni kidogo. Wacha wanune!

Sasa shamba. Ekari moja ya mahindi inataka kama nusu mita ya maji kwa msimu, yaani lita milioni 2 na ushei, kabla ya kuhesabu yanayovuja mferejini. Kwa lita 50 kwa siku, hayo yanawatosha watu 110 mwaka mzima. Sipingi kilimo, watu lazima wale. Ila anayesema "ekari elfu kumi tu", kama ilivyosemwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, ajue ametaja maji ya watu zaidi ya milioni moja. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani, na sioni aibu kuisoma kwa sauti mbele ya mwekezaji.

Ama bwawa: Sabaki unabeba udongo wa Ukambani mzima, na bwawa likizibwa katikati ya mto kama huu hugeuka shamba la tope. Napendelea silanga, yaani mabwawa madogo ya kuchimbwa pembeni ya mto, zinazojazwa wakati wa mafuriko na kuzolewa tope kiangazi. Tena tusisahau bwawa la Thwake kule Makueni, mita za ujazo milioni 688, juu yetu kwenye mto huuhuu. Likishajaa, kiangazi chetu kitafuata ratiba ya wanaofungua milango yake. Ratiba hiyo ndiyo ya kupigania sasa, kabla ya kuchora mfereji hata mmoja.

Kuna jambo linaloninyima raha. Ile namba ya siku 95, tunayoyaachia mazingira, ni namba ya karani, imetoka kwenye kumbukumbu za mtiririko. Haikutoka kwa kamba wala mikoko. Inawezekana kabisa tunauachia mto tone la kujikimu tu, huku kamba wanahitaji furiko lenyewe, kwa mwezi wake. Naitumia kwa kuwa bila namba mwenye pampu kubwa huchukua yote, lakini siiamini kama vitabu vinavyoiamini.

Na wafugaji. Waorma wanaishukia Galana kiangazi kwa njia zao za kunyweshea, malka, na hizo ndizo huzibwa kwanza kwa ua wa shamba. Kila malka ichorwe kwenye ramani kabla ya ekari ya kwanza. Mabaraza ya mipango hupangwa masika, barabara zote za bara zikiwa tope na mifugo ikiwa mbali kwenye nyasi. Kisha inaandikwa kwamba wafugaji hawakuwa na pingamizi. Baraza la mpango wa mto huu lifanyike Februari, mtoni, asubuhi mifugo ikinywa.