Paka Anapohangaika Kukojoa: Elimu kwa Wafugaji Kuhusu Uvimbe wa Kibofu na Kuziba kwa Mkojo

Paka anapoingia kwenye beseni lake la mchanga, akachuchumaa muda mrefu, akatoka bila kuacha zaidi ya matone mawili, kisha akarudi baada ya dakika tano na kuchuchumaa tena, wafugaji wengi hudhani kwamba amefunga choo. Wengine, wakimkuta amekojoa juu ya kitanda au ndani ya sinki, huamua kwamba amekuwa mtundu au ana kisirani. Dhana zote mbili hupoteza muda, na kwa paka dume huo ndio muda unaoamua kama atapona au atakufa.

Paka mwenye afya hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, na kama mchanga wake ni wa aina inayogandamana, kila mara huacha donge lenye ukubwa wa yai au zaidi. Kibofu kikipata hitilafu, madonge huongezeka idadi lakini hupungua ukubwa, mpaka unakuta vidonge vidogo kama vifungo vya shati vimetapakaa beseni zima. Mkojo unaweza kuwa na rangi ya waridi au damu ya wazi. Paka hulia akiwa amechuchumaa, na akitoka hukaa kulamba sehemu zake za siri bila kukoma. Haya yasichanganywe na tabia ya kuweka alama ya mipaka, ambapo paka kwa kawaida husimama, huinua mkia ukitetemeka, na kurusha mkojo ukutani.

Swali la kwanza ambalo sisi madaktari wa mifugo humuuliza mfugaji anayetupigia simu ni hili: je, mkojo unatoka? Njia ya mkojo ya paka dume ni ndefu na nyembamba, na huzidi kubana kadiri inavyokaribia ncha ya uume, kwa hiyo kizibo kidogo cha ute, seli zilizokufa na fuwele (chembe ngumu za madini) kinatosha kuifunga kabisa. Kwa paka jike jambo hili hutokea kwa nadra sana. Njia ikifungwa, kibofu hujaa, shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye figo, na figo hushindwa kuchuja damu. Madini ya potasiamu ambayo yangetoka pamoja na mkojo hubaki mwilini, mapigo ya moyo hupungua kasi na kupoteza mpangilio, na hatimaye moyo husimama. Safari hiyo yote, tangu kuziba hadi kifo, huchukua siku 1 hadi 3 tu. Paka anayefikia hatua za mwisho hujificha, hukataa chakula, hutapika, na mwili wake huwa baridi na mlegevu. Cha kusikitisha ni kwamba wengi huletwa hapo, kwa sababu mwenye paka aliona kelele na kuhangaika kumeisha akadhani amepata nafuu.

Ukimgusa paka aliyeziba kwa upole chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, unaweza kuhisi kitu cha mviringo, kigumu kama mpira uliojazwa upepo. Usikiminye kwa nia ya kumsaidia, maana kibofu kilichojaa namna hiyo kinaweza kupasuka. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo hasubirishwi mpaka asubuhi, wala hapewi maji mengi kwanza ili tuone itakuwaje. Anapelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo. Huko atawekewa dripu, atapimwa potasiamu, atapewa dawa ya maumivu na ya usingizi, kisha atapitishiwa mpira wa mkojo, ambao mara nyingi huachwa kwa siku moja au zaidi wakati mwili unaposafisha sumu zilizorundikana.

Kama mkojo unatoka, bado paka anahitaji daktari, ila nafasi ya kutafuta chanzo ipo. Hapa kuna kutoelewana ambako kwa maoni yangu kunawaumiza paka wengi. Kwa kuwa binadamu anayeumwa anapokojoa huambiwa ana maambukizi na kuandikiwa antibiotiki, wafugaji huja wakitaka dawa hiyo hiyo kwa paka wao. Lakini paka mwenye umri chini ya miaka 10 ni nadra kuugua kibofu kwa sababu ya bakteria, kwa kuwa mkojo wake uliokolea si mahali ambapo vijidudu hustawi. Zaidi ya nusu ya paka wanaoletwa na dalili hizi wana uvimbe wa kibofu usio na chanzo bayana: ukuta wa ndani wa kibofu umevimba, unauma na kutoa damu, na vipimo havioni vijidudu wala mawe. Dalili za namna hii mara nyingi hutulia zenyewe ndani ya wiki moja. Antibiotiki iliyotolewa katika wiki hiyo hupata sifa isiyostahili, na baada ya miezi michache, tatizo linaporudi, hutolewa tena.

Paka mzee ni habari nyingine. Baada ya umri wa miaka 10, na hasa kwa mwenye ugonjwa wa figo au kisukari, mkojo huwa mwepesi na bakteria hupata nafasi, kwa hiyo huyo apimwe mkojo wake kwa kuoteshwa maabara, ili kuona kama kuna bakteria, kabla ya dawa kuchaguliwa.

Kwa nini basi kibofu kivimbe pasipo vijidudu? Ukuta wake wa ndani hulindwa na tabaka jembamba la ute, na kwa paka hawa tabaka hilo limepungua, hivyo mkojo mkali hugusa neva na kuzichokoza. Neva zilizochokozwa huleta uvimbe zaidi. Mwaka 2011 daktari wa mifugo Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani alipendekeza hali hii iitwe ugonjwa wa Pandora, akisisitiza kwamba shida haiishii kwenye kibofu: ni paka ambao mwili wao wote hupokea hofu na mabadiliko kwa nguvu kupita kiasi, na kibofu ni mahali mojawapo tu ambapo hofu hiyo hujitokeza. Mtoto mchanga anapozaliwa, familia inapohama, paka wa nje anapozoea kukaa dirishani, hata saa ya kulisha inapobadilika, mkojo wa damu unaweza kufuata. Wanaoathirika zaidi ni paka wa umri wa kati, wanene, wanaokaa ndani muda wote na kula chakula kikavu peke yake.

Mawe ya kibofu pia yapo, na aina mbili ndizo za kawaida. Mawe ya struviti yanaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu ndani ya wiki chache. Ya oksaleti ya kalisi hayayeyuki na hutolewa, mara nyingi kwa upasuaji. Kwa sababu hiyo chakula cha kuyeyusha mawe kisinunuliwe kwa kubahatisha kabla ya picha ya eksirei au altrasaundi. Fuwele chache zinazoonekana kwenye darubini, kwa upande mwingine, si ugonjwa peke yake. Mkojo uliokaa muda mrefu au kupozwa kwenye friji hutengeneza fuwele ambazo hazikuwemo ulipokuwa ndani ya paka, ndiyo maana tunahimiza sampuli ipimwe ikiwa mbichi.

Tiba ya muda mrefu ya uvimbe huu iko nyumbani zaidi kuliko kwenye chupa ya dawa, na huanza na maji. Paka wa kufugwa ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa maeneo makavu ambaye hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye mawindo na ambaye hakuumbwa na kiu kubwa. Mpe mnyama huyo chakula cha punje, ambacho maji yake ni takriban asilimia 10, naye hatakunywa vya kutosha kufidia. Chakula laini cha kopo kina maji asilimia 70 hadi 80, na kumbadilishia pekee huufanya mkojo uwe mwepesi. Mabadiliko yafanywe polepole, kwa wiki moja hadi mbili, na kamwe asishindishwe njaa ili akubali, kwani paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa aliye mnene, anaweza kupata ugonjwa hatari wa ini. Bakuli za maji ziwe pana, ziwe zaidi ya moja, na zikae mbali na beseni la mchanga.

Mabeseni ya mchanga yawe sawa na idadi ya paka, na moja zaidi. Yasambazwe, kwa maana mawili yaliyowekwa bega kwa bega ni sawa na moja machoni pa paka. Kila beseni liwe na urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka, mchanga usiwe na manukato, na uchafu uondolewe kila siku. Paka anayepata maumivu ndani ya beseni huanza kulihusisha beseni lenyewe na maumivu. Ukimkuta amekojoa zuliani, kumpiga au kumsugua pua hapo kunamwongezea hofu ile ile inayomuumiza kibofu.

Mahali penye paka wengi, tazama kwa makini mambo yasiyo na kelele. Unaweza kumwona mmoja amelala kitulivu katikati ya ujia, macho nusu wazi, na usitambue kwamba mwenzake amesimama upande wa pili kwa nusu saa akiogopa kupita kwenda kwenye beseni. Hapajawa na ugomvi wala mkwaruzo. Wapangie sehemu tofauti za kulia, wape sehemu za juu za kukaa na maboksi ya kujifichia, na kila siku tenga dakika chache za kucheza na kila mmoja peke yake kwa kamba au manyoya, akipata nafasi ya kuvizia na kukamata.

Maumivu yanahitaji dawa, lakini dawa ya daktari tu. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja parasetamoli, na kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua. Ibuprofeni na aspirini zisitolewe pia.

Dume aliyezibuliwa anaweza kuziba tena, na siku za mwanzo baada ya kutolewa mpira ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Akirudi nyumbani, mtenge kwenye chumba kimoja na beseni lake mwenyewe ili mkojo wake usichanganywe na wa wengine, na kwa wiki nzima hesabu madonge asubuhi na jioni, ukiandika idadi na ukubwa. Muda wa saa kumi na mbili ukipita bila donge hata moja, mrudishe kwa daktari hata kama anakula na kuonekana mchangamfu.